Mgeni Aliyeulizia Goli la Lambert

Nyie watu wa group, kura zenu mpige, lakini mnisikilize kwanza.

Wiki nzima mnabishana ni winga gani bora kuliko wote waliowahi kuvaa jezi ya Kolezi, timu ya shule ya mapadri hapa Kisangani. Nimesoma kila kitu, hata matusi. Naona Lambert anaongoza, eti kwa sababu ya goli la fainali ya 1957.

Hakuna hata mmoja wenu aliyeliona goli hilo. Wengine hata baba zenu walikuwa hawajazaliwa.

Mimi nilikuwepo, nina miaka kumi na miwili. Na miaka saba baadaye akatokea mtu kuulizia goli hilohilo, wakati ambao hakuna mwenye akili timamu ambaye angeulizia habari za mpira.

Yaliyompata nimewahi kumwambia mtu mmoja tu.

Naitwa Kadidja. Marehemu baba yangu, Papa Abdulhamid, alikuwa fundi cherehani kule Kabondo. Yeye alishona jezi za Kolezi, mimi nikashona namba za mgongoni. Ndivyo mtoto wa kike wa Kiislamu alivyopata ruhusa ya kwenda uwanjani kwa mapadri. Nilikwenda na sindano, jezi ikichanika niishone palepale.

Fainali ile tulicheza na timu ya watu wa bandari. Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Dakika za mwisho nikaona tope, miguu mingi, halafu mpira umo wavuni.

Lambert, winga wetu wa kushoto, akatoka mbio mikono juu. Watu wakambeba mabegani. Zacharie, winga wa kulia, alikuwa bado amelala kwenye tope.

Tangu siku hiyo ubishi ukahamia kwenye baraza la baba. Kila Jumapili ni Lambert na Zacharie, Zacharie na Lambert. Émile, muuza samaki wa Yanonge, ndiye aliyekuwa wakili wa Zacharie, na domo alikuwa nalo. Lakini likitajwa goli la 1957, hata yeye alikuwa hana la kusema.

Mimi nilikuwa wa Lambert. Niseme ukweli, nilikuwa simpendi kwa ajili ya mpira peke yake.

Basi ikafika 1964.

Agosti waasi wakauchukua mji. Siku za kwanza wengi walishangilia. Kisha wakaanza kuchukuliwa watu wa kalamu. Makarani, walimu, kila aliyesoma kwa mapadri na kula mshahara wa serikali. Waliopelekwa hawakurudi.

Ghafla kuwa mtoto wa Kolezi likawa jambo la kuficha.

Lambert alikuwa karani. Asubuhi moja alitujia amevaa kanzu ya kuazima, yeye Mkatoliki. Baba hakuuliza kitu. Akamsukuma nyuma ya pazia la karakana, pale zilipotundikwa suti zinazosubiri wenyewe. Tuliojua ni watu watatu tu: baba, mimi, na yeye mwenyewe.

Mtauliza kwa nini hatukulifunga baraza. Baraza likinyamaza ghafla, watu huuliza kwa nini. Kwa hiyo Émile na wenzake waliendelea kuja, wakabishana vilevile, na yule wanayembishania amechutama hatua mbili nyuma ya cherehani yangu, anasikia anavyosifiwa.

Jumapili ya pili ya Septemba, akaja mgeni.

Kijana mwembamba, ana koti mkononi. Akasema anaitwa Alexis, katoka Bafwasende. Koti lilikuwa la sufu nzuri, limeshonwa kwa mtu mwenye mabega mapana. Alitaka lipunguzwe limtoshe.

Baba akaligeuza, akanitazama. Nyumbani kwetu nguo tulizisoma kama wengine wanavyosoma barua. Mwezi ule, mtu akibeba koti zuri lisilo lake, ulijua mwenyewe yuko wapi.

Baba akamuuliza koti ni la nani.

“Ya mutu ya famille,” akasema, macho chini.

Hatukumwamini. Mtu wa ukoo gani hutajwa macho chini?

Akakaa kwenye benchi, akasikiliza ubishi kidogo. Halafu akauliza, “Ule Lambert, iko fasi gani sasa?”

Émile akaanza kujipapasa mifukoni akitafuta tumbaku, na alikuwa havuti. Mwingine akasema Lambert alikwenda zamani, Opala labda, nani ajuaye.

Mgeni akatikisa kichwa. Akasema taratibu, “Ile goli haikukuwa ya Lambert. Ilikuwa ya Zacharie.”

Nikasimamisha cherehani.

Miaka saba hakuna aliyethubutu kusema hivyo. Nikamjibu kwa ukali kwamba nilikuwepo, na goli ni la Lambert.

“Uliona mupira iligusa nani?” akauliza.

Nyuma yangu pazia halikutikisika hata kidogo.

Hapo ndipo nilipoingiwa na wazo. Winga mnyang'anye kila kitu, usimnyang'anye goli lake. Nikajiambia huyu anatupa ndoana. Anamchokoza Lambert makusudi, akijua kama yuko karibu atashindwa kuvumilia na kutokeza mwenyewe.

Jumatano akarudi, eti kuangalia koti limefikia wapi. Alhamisi tena. Maswali ni yaleyale. Lambert ana ndugu mjini? Waliocheza siku ile nani bado yuko hai? Alisema anatafuta mtu mmoja tu, mwenye aliona kwa macho yake.

Émile akamvuta baba pembeni akamwambia huyo ni sikio la waasi. Wengine wakaacha kuja. Koti baba hakuligusa. Alisema hawezi kuingiza mkasi kwenye nguo ya marehemu asiyemjua.

Ijumaa baba alikuwa msikitini. Niko peke yangu, naweka vifungo, nikainua macho. Alexis amesimama mlangoni, anatazama juu ya bega langu, kule kwenye pazia.

“Nyuma ya rideau kuko nani?”

Nikasema kuna nguo.

Kifungo kikanidondoka, nikainama kukitafuta.

“Mademoiselle,” akasema, “miye niko naomba anijibu tu. Kisha nitaenda zangu.”

Akaondoka akisema atarudi Jumapili.

Nisiwadanganye, siku ile sikulala. Niliona Lambert ameshakwisha, na baba naye, maana aliyeficha alichukuliwa pamoja na aliyefichwa. Nikapiga hesabu zangu. Huyu mtu nikimwahi kumshtaki, ama ni wa waasi, watamcheka na kumwachia, nasi tutajua ni wakati wa kukimbia. Ama si wao.

Kama si wao, hapo sikufika kufikiri. Nilikataa kufika.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kununua sombe, majani ya muhogo, nikapita kwenye kizuizi cha waasi pale daraja la Tshopo. Nikamwambia yule mwenye bunduki kwamba kuna mtu wa Bafwasende anaulizauliza watu, amebeba koti la mtu mwingine, huenda katumwa na serikali. Nikamwambia Jumapili atakuwa kwenye baraza la fundi cherehani wa Kabondo.

Hakuniuliza hata jina langu. Nikanunua sombe, nikarudi nyumbani.

Jumapili walimkuta kwenye ngazi. Wanne, na lori. Hakupigana. Alimtazama Émile, akamtazama baba, kisha akanitazama mimi.

“Niko nauliza goli tu,” akasema.

Wale wanne wakacheka. Lori likaondoka, na vumbi likatua juu ya samaki wa Émile.

Watu walipotawanyika nikaenda kuinua pazia. Niseme lile linaloniuma zaidi: nilikwenda na kiburi. Nilitaka Lambert ajue ni nani aliyemwokoa.

Nikamwambia yote. Yeye akainamisha uso.

“Kadidja,” akasema, “goli ilikuwa ya Zacharie.”

Kisha akanieleza.

Mpira ulimpiga Zacharie pajani akiwa anaanguka. Lambert alikuwa karibu, akakimbia kwa furaha tu, mikono juu. Wakambeba. Huko mabegani hakuona namna ya kusema. Jumatatu ikawa vigumu zaidi, kwa sababu mji mzima ulikuwa unalitaja jina lake. Zacharie alimwambia aache tu, kombe limepatikana. Zacharie mwenyewe hakumsimulia mtu, isipokuwa mama yake na mdogo wake.

Mdogo wake, Alexis.

Nikamuuliza Lambert alijua tangu lini. Akasema tangu Jumapili ile ya kwanza. Habari hiyo hakuna ambaye angeweza kuwa nayo isipokuwa mtu wa nyumba ya Zacharie.

“Na kwa nini hukuniambia?”

Nilitegemea aseme aliogopa. Woga ningeuelewa, sote tuliogopa.

“Niliona haya,” akasema.

Nikatoka mbio mpaka darajani. Nikamwambia yule mwenye bunduki nilikosea, yule mtu si mpelelezi. Akanitazama vizuri. Akasema jana nilisema hivi, leo nasema vile, basi huenda mpelelezi ni mimi. Akauliza nyumbani kwetu ni wapi na kuna nani.

Nikaomba radhi, nikarudi. Nilijua Lambert yuko nyuma ya pazia, nikarudi. Kati ya wawili nilichagua mmoja, na sitajifanya kwamba sikuchagua.

Alexis hakuonekana tena.

Novemba jeshi la serikali likarudi, mji ukalia upya, hayo wengine wamekwisha kuyasimulia. Lambert alitoka mzima. Akapata kazi Kinshasa, akaenda. Hakuniandikia hata mstari mmoja, na mimi sikumngoja.

Ubishi ukarudi barazani. Lambert, Zacharie. Mimi nilishona tu. Kusema goli ni la nani kungenilazimu kueleza nimejuaje, na hilo sikuliweza. Ndivyo uongo huo ulivyofika mpaka kwenye simu zenu.

Mwaka 1966, siku ya kazi, baba hayupo, mama mmoja akapanda ngazi zetu. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa safari. Akauliza kama hapa ndipo kwa fundi aliyeshona jezi za Kolezi. Jina lake Simone, anatoka Bafwasende.

Nikamvutia kiti.

Akaniambia mtoto wake Zacharie alikuwa mwalimu, na alitolewa shuleni kwake Agosti ile ya 64. Kwao, matanga hayafungwi mpaka mtu wa nje ya ukoo asimame aseme jambo ambalo marehemu alilifanya na yeye aliliona. Wa nyumbani hawasemi, kwa sababu kila mtu husifu wa kwao. Zacharie maisha yake yote alijivunia jambo moja, goli, na hapakuwa na shahidi.

Kwa hiyo akamtuma mdogo mtu kumtafuta shahidi Kisangani. Akampa koti la kaka yake, lipunguzwe, alivae siku hiyo. Akamwonya asimwambie mtu yeyote kwamba ni ndugu wa mwalimu, dunia imeharibika.

Kumbe muda wote ule sisi tunamwogopa, na yeye anatuogopa.

“Mutoto wangu Alexis alifika hapa?” akauliza.

Koti lilikuwa limening'inia nyuma ya pazia, hatua mbili.

Nikasema, “Hapana, Mama. Hakufika.”

Akafuta jasho kwa ncha ya kitenge. Kisha akauliza kama namjua mtu yeyote aliyeliona goli lile.

Nikamwambia mimi nililiona. Goli lilikuwa la Zacharie.

Baba aliporudi nilimsihi asitaje yule mgeni wala koti, hakuuliza kwa nini, na sote tukapanda lori na Mama Simone mpaka Bafwasende. Nikasimama mbele ya ukoo mzima, nikasema mvua, nikasema tope, nikasema mpira ulimpiga pajani akiwa anaanguka. Wanawake walipiga vigelegele na kulia kwa pamoja. Matanga ya Zacharie yakafungwa.

Ya Alexis hayakufunguliwa. Mama yake alisema huenda yuko njiani.

Asubuhi ya kuondoka alinishika mikono yote miwili.

“Mungu akupe watoto, mwanangu,” akasema, “na wasipotee kama wangu.”

Nimezaa sita. Wote wako hai. Kila mmoja alipozaliwa nililia, wakunga wakadhani ni furaha.

Mnataka funzo, najua, hadithi zenu haziishi bila funzo. Chukueni hili la bibi yenu. Baraza zima lilimchunguza mgeni yule. Tulichunguza koti lake, macho yake, maneno yake. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza, “Ndugu, kwa nini unataka kujua?” Pengine angeogopa kusema. Pengine angesema.

Aliitwa Alexis, mtoto wa pili wa Mama Simone wa Bafwasende, na aliyemshtaki ni mimi.