Shangazi Mbele za Watu

Mtaani walimwita Mama Haki, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli. Alikuwa fundi cherehani, na tangu jirani yake akamatwe kwa kudai kura zihesabiwe upya, hakunyamaza tena. Alisema mikutanoni, akafukuzwa kwenye vituo vya polisi, akalala rumande. Wateja wakamkimbia kama ukoma.

Hayo aliyamudu. Lililomvunja lilikuja siku bintiye aliporudi kutoka usaili wa chuo cha uuguzi, akabaki amesimama mlangoni.

"Mama, wameniuliza kama mimi ni mwanao."

"Ukajibuje?"

"Nimesema wewe ni shangazi yangu." Binti akaangua kilio. "Nisamehe, mama."

Mama Haki akasimamisha cherehani. Alitaka kukasirika, lakini hasira haikuja.

"Wamekupokea?"

"Wamenipokea."

"Basi mbele za watu niite shangazi," alisema, akimfuta machozi kwa kipande cha kitambaa. "Humu ndani mimi ni mama yako."

Kesho yake alikwenda mahakamani kusikiliza kesi ya jirani. Nje, mwandishi wa habari akamuuliza kama ana watoto.

"Sina," alijibu.