Moto wa Fleti ya Bibi Garrity

Philomena Garrity alikaa ghorofa ya nne katika jengo letu la Brooklyn, mimi nikiwa ghorofa ya pili. Alikuwa mjane, na kabla ya kustaafu alikuwa mwunganishaji simu katika hoteli kubwa ya mjini. Kazi ile ilimharibu, alisema mwenyewe. Alisikia waume wakiwaambia wake zao wako mkutanini, na tangu hapo mtu akimsalimia vizuri alijiuliza anataka nini.

Fleti yake ilikuwa na meko ya kuni ukutani, yenye dohani inayovuta moshi vizuri. Zamani karibu kila fleti ya jengo ilikuwa nayo, lakini nyingi zilizibwa kwa matofali. Alipokuja mwenye nyumba mpya, Whitcomb, meko hizo ghafla zikawa lulu. Alizizibua fleti moja baada ya nyingine, akitangaza gazetini na kuziuza fleti hizo kwa matajiri waliotaka kukaa mbele ya moto na glasi ya mvinyo. Tatizo lake lilikuwa sisi wapangaji wa zamani, ambao sheria ilimkataza kututoa. Basi akawa anatubembeleza tuondoke wenyewe, kwa fedha au kwa kutuchosha. Majira yale ya baridi mabomba ya joto yaliharibika mara kwa mara, na fundi hakuonekana.

Philomena akawasha meko yake. Kuni alizipata kwa Casimir Dudek, jirani yake wa mlango wa pili, mzee wa Kipolandi aliyefanya kazi katika karakana ya useremala kule Red Hook. Meko ya Dudek ilikuwa bado imezibwa. Jioni alileta mabaki ya mwaloni ndani ya gunia, akakaa kwenye kiti cha marehemu Garrity, wakanywa chai. Mazungumzo yalikuwa machache. Mkewe naye alishafariki.

Siku moja, akiwa anachochea moto, Dudek akauliza, "Mama, una mpango wa kukaa hapa mpaka lini?"

Labda aliuliza tu. Lakini Philomena alilala na swali lile likimzunguka kichwani. Kwa nini anataka kujua? Hizo kuni anampa bure kwa nini? Tena Jumanne alikuwa amemwona akizungumza na Whitcomb pale mlango wa chini, na walipomwona wakanyamaza. Kesho yake alinisimamisha ngazini kuniuliza kama Dudek aliwahi kunidadisi. Nikamwambia hapana. Alinitazama kwa namna iliyonifanya nione na mimi nimo kwenye njama.

Akaamua kumtega. Dudek alipokuja na gunia lake, alimwambia kwamba baada ya Pasaka atahamia kwa dada yake, Buffalo. Ulikuwa uongo mtupu. Tena yeye na dada yake huyo hawakupatana hata kidogo. Dudek akasema tu kwamba Buffalo kuna theluji sana.

Jumapili ya wiki ileile alipiga simu Noreen, binti wa shemeji yake, aliyekuwa akimjulia hali kila wiki kutoka Yonkers. Philomena hakutaka maneno mawili yatembee mjini, kwa hiyo naye akamwambia habari ya Buffalo. Noreen alisikitika, halafu akauliza kinanda kitakwenda wapi. Philomena akamwambia atakichukua yeye Noreen.

Wiki haikuisha, Whitcomb akampigia. Alisema amefurahi kusikia kwamba mama ana mipango mipya, na kwamba ofisi yake iko tayari kumsaidia.

Philomena akaweka simu chini. Amempata. Dudek alipogonga jioni, alimtazama kupitia kitundu cha mlango, hakufungua. Akagonga tena siku iliyofuata, na iliyofuata. Akawa anaacha kuni kizingitini. Philomena hakuzichoma. Nilizikuta nikipanda kumpelekea barua zake, zimerundikana ukutani, na ndani bibi wa watu amejifunga makoti mawili, meko imejaa majivu baridi. Nilipomuuliza, alisema haoti moto wa msaliti.

Mwezi Machi Whitcomb alikuja mwenyewe na karatasi za kutia sahihi. Alizunguka sebuleni, akapapasa marumaru ya meko, akachungulia dohani. Philomena alimwacha aongee. Ndipo yule bwana, kwa kutaka kuonyesha ukarimu, akasema:

"Na kinanda kisikutie wasiwasi. Tutalipia gari la kukipeleka Yonkers."

"Yonkers kwa nani?" aliuliza Philomena.

Dudek hakuwahi kusikia neno la kinanda; aliyeambiwa ni Noreen peke yake. Philomena alimrudishia karatasi zake na kumfungulia mlango, bila kupandisha sauti. Kisha akabaki amesimama pale pale muda mrefu, akivuka kwa macho ule ujia mfupi, mpaka akapata moyo wa kwenda kugonga mlango wa pili.

Dudek alifungua. Nyuma yake kulikuwa na masanduku yamefungwa kamba.

"Unahama?"

"Nimetia sahihi. Nakwenda kwa binti yangu, New Jersey."

"Hukuniambia, Casimir."

"Ningekuambia kupitia wapi, mama? Tundu la ufunguo?" Alikuwa anatabasamu kidogo, lakini macho hayakutabasamu. "Whitcomb alinisumbua tangu vuli. Nilikuwa namkatalia. Nikaona wewe unakwenda Buffalo, na mlango hunifungulii. Nikajiuliza nakataa kwa ajili ya nini."

Philomena alimwambia kwamba Buffalo ilikuwa uongo. Alimweleza mtego wote, na hakumficha alivyomdhania. Dudek alimsikiliza hadi mwisho, akasema karatasi ikishatiwa sahihi hairudi. Halafu akaokota magogo mawili pale kizingitini kwa Philomena, wakaingia wote wawili. Alikuja kila jioni mpaka siku gari lilipokuja kubeba masanduku yake, ingawa Philomena aliniambia hakikuwa kikao kilekile; sasa Dudek alikuwa akifikiri kabla ya kusema.

Noreen aliendelea kupiga simu Jumapili, na Philomena aliendelea kupokea. Hakumlaumu hata mara moja. Alimwambia tu, akiulizwa, kwamba safari imesogezwa mbele, leo kwa sababu ya goti, kesho kwa sababu ya theluji. Alitolewa fleti ileile kwenda kuzikwa, miaka mingi baadaye. Kinanda aliliachia kanisa.