Ncoolo ya Kupeleka Rwanda

Kusafiri kwa raha ni jambo gumu kulieleza kwetu. Ukisema unaenda Nairobi, utaulizwa nani amelazwa. Ukisema unaenda Kampala, utaulizwa unaleta mali gani. Sasa mimi na mke wangu tulikuwa tunaenda Rwanda kutembea tu, mabegi mgongoni, kisha turudi nyumbani. Kila nilipolisema kwa sauti nilijiona mjinga.

Wazo lilikuwa lake. Mapema mwaka huo tulikuwa tumempoteza mtoto wetu wa kwanza, siku chache baada ya kuzaliwa, na vyumba vyetu vya kupanga hapa Meru mjini vilikuwa vimejaa kimya. Mke wangu alienda kufundisha, akarudi, akapika, akalala. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Kugombana najua, lakini kunyamaziwa kunanimaliza. Kisha jioni moja akaninyooshea simu yake, nikaona picha ya ziwa lililozungukwa na vilima. "Nataka kuona hapa," akasema. Lilikuwa jambo la kwanza alilolitaka tangu mazishi. Angesema anataka kwenda mwezini, ningeanza kuulizia nauli.

Tulipanga kama watu wasio na kitu, kwa sababu ndivyo tulivyokuwa. Vitambulisho vingetosha mpakani, kwa hiyo habari ya pasipoti tukaiacha. Tulichanjwa homa ya manjano, tukapewa kadi. Tungepanda basi hadi Kampala, lingine hadi Kigali, na kulala kwenye nyumba ya wageni ya watawa, ambako vitanda ni vya deka, kimoja juu ya kingine, na lango hufungwa mapema. Mabegi tulinunua ya mtumba, moja zipu imekufa, nikakaa nalo nikalishona. Mke wangu alitaka tubebe mtungi mdogo wa gesi tujipikie. Nikamwambia hakuna dereva mwenye akili atakayekubali mtungi huo ndani ya basi. Tukabishana kutwa nzima, akanifokea, nami moyoni nikamshukuru Mungu.

Sheria za mpakani nilizisoma mimi. Hapo ndipo nilipoona kwamba Rwanda miraa ni dawa ya kulevya, na anayeshikwa nayo anafungwa. Nilicheka peke yangu, nikapita. Mimi ni mtu wa Siakago, si Mmeru. Kwetu tunalima muguka, ndugu yake miraa, ambayo hutafunwa majani, wakati Wameru wao hutafuna vijiti vya miraa. Mimi sitafuni chochote kati ya hivyo, kwa hiyo sikuona haja hata ya kumwambia mke wangu.

Tikiti zikakatwa, tuondoke Jumanne. Lakini mke wangu alikuwa na sharti moja.

"Sivuki mpaka kama Baba hajatubariki," akasema. "Mtoto tulisema tutampeleka abarikiwe tukipata nafasi. Hatukupata hiyo nafasi."

Sikubishana naye. Nilijua kwamba baraka isipopatikana, safari hakuna, na kimya kile kitarudi. Hilo liliniogopesha kuliko mpaka wowote.

Jumapili tukaenda kwa baba yake, nje kidogo ya Ruiri. Ni mjane, ana ng'ombe wachache hapo, na miti ya miraa aliyorithi upande wa Tigania. Hanipendi sana. Tangu nimwoe binti yake huniita mtu wa majani ya mbuzi, kwa sababu ya muguka yetu, kisha hucheka, na mimi hucheka pia maana sina la kufanya. Mazishini hakuja. Habari ya mtoto hakuwahi kuitaja hata siku moja.

Tuliketi nje kwa chai. Mke wangu akamweleza safari yote, akamwonyesha lile ziwa kwenye simu.

"Na huko mtalala kwa nani?" mzee akauliza.

"Kwa masista, Baba."

Akainuka, akaingia ndani, akatoka na kifurushi kilichofungwa kwa majani ya ndizi, kimekazwa kwa kamba ya mgomba. Ilikuwa ncoolo. Umeruni, ukienda kwa watu kuomba jambo kubwa, kama vile msichana wao, unawapelekea wazee miraa iliyofungwa hivyo. Wakiifungua, wamekubali. Ikirudi imefungwa, umekataliwa. Mimi mwenyewe nilimletea mzee huyu ncoolo yangu, akaiangalia muda mrefu mpaka ami zangu wakaanza kutoka jasho.

"Hii mtapatia wazee wa huko," akasema. "Nimeikata mwenyewe asubuhi. Msichana wangu hawezi lala kwa boma ya watu na mimi sijabisha hodi."

Mke wangu akaipokea kwa mikono miwili. Mzee akabaki amesimama, anaangalia ng'ombe.

"Vile mtoto alienda, sikuongea," akasema. "Mimi sijui kuongea hiyo maneno. Lakini hii najua."

 Mke wangu alikuwa anatabasamu, machozi yamemjaa, amekikumbatia kile kifurushi, na mimi pekee ndiye niliyejua kingeweza kutufanyia nini. Mzee alipoingia ndani kutafuta maziwa ya kutubarikia, nikamnong'oneza mke wangu.

"Huko hii ni jela. Wewe ichukue tu. Tutawaachia watu wa bodaboda pale Ruiri, watafurahi."

"Umejua lini?"

"Nilisoma zile sheria."

"Na ukanyamaza?"

"Sikujua atatupatia!"

Alinitazama kwa namna ambayo sitaki kutazamwa tena. "Siwezi kutupa kitu ya Baba," akasema. Mzee alipotoka na kibuyu, mke wangu hakumngoja hata aketi.

"Baba, huko miraa hairuhusiwi. Tukipatikana nayo tunafungwa."

Mzee hakumwangalia yeye. Aliniangalia mimi. "Ni huyu amekuambia?"

"Ni sheria yao, Baba."

"Hiyo ni muguka," akasema. "Muguka ndio ilikatazwa, hata Pwani, nilisikia kwa redio. Miraa hakuna mtu anakataa."

Damu ilinipanda. Kwa mara ya kwanza tangu nioe nilimjibu mzee yule bila kupima maneno. "Wanakataa zote, Baba. Huko mimi na wewe wanatuweka jela moja."

 Mzee akaweka kibuyu chini.

"Nikienda mimi mwenyewe, mzee hivi, na hii kwa koti," akamuuliza binti yake, "watanifunga?"

"Watakufunga, Baba."

"Hii ndio ilikusomesha."

"Najua, Baba."

Akanyoosha mkono. Mke wangu akamrudishia ncoolo ikiwa imefungwa vilevile. Nilijua maana yake, naye alijua kuliko mimi. Nikaona Jumanne yetu imekwisha, nikaona vyumba vyetu na meza yetu na yeye akila bila kuinua macho. Nilitaka kumpigia mzee magoti, na wakati huohuo nilitaka kumkaripia.

Mzee akaketi, akaiweka ncoolo magotini, akaanza kuifungua mwenyewe. Kamba ilimsumbua lakini hakuomba kisu. Akatandaza jani la ndizi, akachagua kijiti, akamenya ganda kwa meno, akatafuna. Kisha kingine. Alitafuna muda mrefu na hatukuthubutu hata kugusa vikombe. Mwishowe akanywa funda la maziwa, akamwita binti yake. Alipopiga magoti mbele yake, akamtemea kifuani akisema baraka kwa Kimeru, na blauzi yake nyeupe ikapata madoa ya kijani. Kisha akaniita mimi. Nadhani mimi alinitemea kwa nguvu zaidi.

"Nendeni," akasema. "Lakini wakiuliza mnatoka kwa nani, musiseme kwangu. Semeni Siakago."

Alisema bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Nitasema kwako," mke wangu akajibu. Alikuwa bado amepiga magoti.

"Watasema wewe ni mtoto wa mtu wa madawa."

"Wacha waseme. Mimi nitasema natoka kwako, Baba."

Mzee akakusanya vijiti vilivyobaki, akavifunga tena, taratibu, hakuna aliyemharakisha.  Kisha akauliza, macho yake yakiwa kwenye ile kamba, "Yule mtoto alikuwa msichana ama kijana?"

"Alikuwa msichana," mke wangu akasema.

Akaketi chini palepale miguuni pa baba yake, akaanza kumweleza nywele zake zilivyokuwa, alivyokunja vidole, alivyopiga chafya mara mbili akiwa kifuani pake. Mengine hata mimi nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza.