Kiraka cha Jino Kilichoanguka Endulen

Punda wa baba alikuwa na meno meupe kuliko mtu yeyote nyumbani kwetu. Najua, kwa sababu nilikuwepo siku alipofunuliwa mdomo, mnadani Karatu, mimi nikiwa na umri wa kuchunga ndama tu. Muuzaji alisema punda ana miaka minne. Baba hakumwamini. Akamshika taya, akamfunua midomo, akaangalia jino moja moja kama mtu anayechagua maharage. Muuzaji akachoka kusubiri. Akanishika mimi kidevu, akanifunua na mimi, akasema, "Na huyu je, mzee? Kwa meno haya anaweza kuwa babu yako."

Watu wakacheka. Baba naye akacheka, na hilo sikumsamehe mpaka nilipopata watoto wangu. Punda tulimnunua. Akatubebea maji miaka mingi, akamng'ata mwinjilisti, akafa kwa uzee. Habari ya mwinjilisti ni ndefu, tuiache.

Ila hayo maji ndiyo yenye kesi. Wazazi wangu walitoka Mbulu kuja kuchuma kahawa kwenye mashamba ya Oldeani, na sisi tuliozaliwa kambini tulikunywa maji ya kisima cha kambini. Baadaye wakaja wataalamu, wakasema maji ya huku yana madini yanayoharibu meno ya watoto yakiwa bado ndani ya fizi. Walituambia meno yetu yakiwa yameshatoka yote! Ndiyo maana ukikutana na mtu wa huku ana meno ya kahawia, usimuulize anavuta nini. Muulize alikunywa wapi alipokuwa mdogo. Punda alikunywa kwingine.

Mimi juu ya ukahawia nilikuwa na kiraka. Jino la mbele nililivunja nikifungua soda kwenye ubatizo, nikitaka kumwonyesha marehemu mke wangu kwamba bado ni kijana. Aliyeliziba alichagua rangi ya kufanana na wenzake, na alipatia kweli, rangi ya chai ya kuchemka mara mbili. Nikakaa na kiraka hicho kwa amani, nikajifunza kucheka mdomo ukiwa umefungwa, na picha zangu zote nimenuna kama niliyefiwa.

Sasa ikaja habari ya kijana wetu. Ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, mpishi kwenye kambi za watalii, na mimi ndiye baba yake mkubwa niliyebaki. Alipata mchumba Endulen, binti wa wafugaji. Tukamtuma mchungaji wa kanisa letu apeleke posa. Baba wa binti akamkarimu, akamlisha nyama, akamrudisha na jibu moja: "Nataka nione mtu wa damu. Akija na huyo nikamwona hafai, tusisumbuane tena." Kwa hiyo posa yote ikawa juu yangu, na nafasi ilikuwa moja.

Binti yangu, anayefanya kazi hotelini, akaniangalia mdomoni kama yule muuzaji wa punda. "Baba, wewe ndiye msemaji. Watakutazama mdomoni saa tatu nzima. Twende ukang'arishwe."

Ningeweza kusema nilikataa kwanza. Sikukataa. Nilivaa viatu kabla hajamaliza sentensi.

Ikawa Jumatatu. Daktari wa meno alikuwa binti mdogo kuliko mjukuu wangu, na mpole. Akanipaka dawa, akanimulika taa, nikalala mdomo wazi kama kifaranga cha ndege. Aliponipa kioo, nikaona meno ya mtu mwingine. Si meupe kama ya mwanamke anayecheka kwenye picha ya ukutani pale kwa daktari, lakini yalikuwa kama mtindi. Katikati ya mtindi huo, kile kiraka changu kilikuwa vilevile, cha kahawia, kama nzi.

"Mbona hiki hakijatakata?" nikauliza.

"Babu, dawa inang'arisha jino. Kiraka si jino. Tutakitoa tuweke kingine cheupe. Urudi baada ya wiki mbili."

"Wiki mbili! Mjukuu wangu, Jumamosi naenda kuposa."

Akacheka mpaka akashika meza. "Unaoa, babu?"

"Namposea mtoto. Kitoe leo, weka leo."

Akanieleza taratibu. Alisema ile dawa inaacha hewa ndani ya jino, na mpaka hewa hiyo iishe, gundi ya kiraka haishiki vizuri. Halafu rangi nayo bado haijatulia, itarudi nyuma kidogo, tukiziba leo tutakosea rangi. Nilimsikia vizuri sana, sitaki kumsingizia. Ila kichwani nikasema: hewa ndani ya jino? Nimekaa na jino hili zaidi ya miaka sitini, mbona sijawahi kulisikia likipumua?

Jumatano nikaenda kwa daktari mwingine, upande wa pili wa mji. Huyu alikuwa baba mtu mzima, mwenye haraka. Akatazama, akauliza, "Mzee, haya meno umeyang'arisha karibuni?"

"Hapana," nikasema. "Ni ya ukoo wetu."

Akanitazama kidogo. Akatazama kile kiraka cha kahawia. Mtu akisema jambo kwa mdomo ulio wazi namna ile, utambishia vipi? Akakitoa, akaweka cheupe. Nikatoka pale nikisalimia hata watu nisiowajua.

Jumamosi tukaondoka alfajiri, mimi, kijana, mchungaji na shemeji yangu mmoja. Kule juu ukingoni mwa kreta, barabara inakopita, kulikuwa na ukungu na baridi kali, na hapo ndipo nilipojua kitu kingine nilichoambiwa nikasahau, kwamba meno yaliyong'arishwa yanaogopa baridi. Kila nikifungua mdomo ilikuwa kama napigwa sindano. Nikafunga mdomo njia nzima. Mchungaji akamnong'oneza shemeji, "Mzee anasali." Nikawaacha waamini.

Endulen tulipokelewa vizuri. Baba wa binti ni mzee wa rika langu, mrefu, shuka nyekundu ya lubega begani, na meno yake mawili ya mbele ya chini hayapo. Yaliondolewa utotoni kwa desturi yao. Yaliyobaki ni kahawia kama yangu ya zamani. Akanisalimu, lakini akawa ananitazama mdomo sana, na nikaona hafurahi. Nikajisemea, amependa, anaona wivu.

Ikaletwa chai ya maziwa, moto, kwenye vikombe vya bati. Nikanywa nusu, nikainuka niseme. "Wazee wangu," nikaanza, "tumekuja hapa kwa heshima..." Ulimi ukaenda mbele ukakuta mlango wazi. Kiraka hakipo. Nikakaa. Nikasema labda nitakipata kimya kimya. Nikainua kikombe, na ndani kukasikika: ting.

Kila mtu alisikia. Hata mbuzi nje aligeuka.

"Chai yetu ina mawe?" akauliza mzee.

Niseme ukweli, nilinyamaza. Nilikaa na ule uongo bila kuufungulia mdomo. Mzee akachukua kikombe, akamwaga chai iliyobaki, akaona kijiwe cheupe chini. Uso ukambadilika. "Nani amepika chai hii?"

Akaletwa binti. Ndiye huyo mchumba wetu. Akasimama mlangoni, mama yake nyuma yake ameshika kinywa. Kijana wetu akanitazama, macho yamemtoka. Nikaona kabisa kwamba binti niliyekuja kumwomba ndiye atakayebeba aibu ya jino langu, na nikirudi Karatu na meno meupe nitarudi bila mke wa kijana.

"Si jiwe," nikasema. "Ni langu." Nikafungua mdomo wote, nikawaonyesha pengo.

Kisha nikamwaga yote: soda, taa, mtindi, wiki mbili, daktari wa pili, na jibu langu kuhusu ukoo. Mchungaji akainamisha kichwa kama kwenye maombi.

Mzee akageuza kile kijiwe kiganjani. "Kwa hiyo ulimdanganya daktari."

"Nilimdanganya."

"Mtu anayemdanganya daktari wake, sisi atatuacha?"

"Daktari nimemdanganya mpaka leo," nikasema. "Nyinyi nimewadanganya kwa pumzi tatu tu, na nimeshindwa."

Mama wa binti ndiye aliyeanza kucheka. Halafu wote. Mzee akajipangusa macho na ncha ya lubega. "Rafiki yangu, mimi nilikuona na meno hayo, nikasema huyu si wa damu ya kijana, ametumwa na wakubwa wa mjini. Mtu wa rika letu aliyekulia huku hana meno hayo. Nikawa nakungoja useme unataka kutuandikisha kitu. Nilishakata shauri niwanyweshe chai mwondoke." Akafungua mdomo, akanionyesha pengo lake. "Yangu yalitoka kwa kisu, sikulia. Lako limetolewa na chai!"

"Chai ya binti yako ni kali," nikasema.

"Basi kijana wenu akapike naye huko Karatu." Na hapo ndipo posa ilipokubaliwa, ingawa mazungumzo ya ng'ombe yalichukua mchana wote. Wakati wa kuaga akanishika mkono, akaniwekea kiraka kiganjani. "Siku ya sherehe njoo na pengo hilo. Nikiona limezibwa, nitajua kaja mtu mwingine."

Wiki mbili zilipotimia, binti yangu akanipeleka kwa yule daktari mdogo. Nikakaa kwenye benchi, kiraka mfukoni kimefungwa kwenye karatasi, chini ya ile picha ya mwanamke anayecheka. Meno yake yalikuwa meupe sana. Yalinikumbusha punda.

Daktari akatokeza kichwa. "Shikamoo babu! Hewa imeisha, njoo tuzibe."

"Marahaba, mjukuu wangu," nikasema. Nikainuka, nikachukua kofia yangu, nikatoka. Mpaka leo sijarudi.