Kamati ya Kiini cha Nne

Keti hapa, msikilizaji wangu, wala usiogope. Prosesa ya kompyuta si kitu kigumu kuelewa. Ichukulie kama nyumba ya kupanga yenye vyumba vinne, na viwili mwenye nyumba amevifunga. Labda vinavuja. Labda ni vizima, ila alitaka tu kuipangisha kama nyumba ya vyumba viwili. Hutajua mpaka ufungue mlango.

Kompyuta yangu ya mitumba, pale nyumbani Lanet, ilikuwa hivyo: viini vinne, ndivyo vyumba vyenyewe, viwili kazini, viwili vimefungwa tangu kiwandani. Sikuvihitaji hadi mama, mwenyekiti wa kwaya, aliposimama kanisani akatangaza kwamba mwanawe angehariri video ya mashindano na kuimaliza kufikia Jumamosi. Kwa viini viwili, ingekuwa tayari Jumatatu, na mama angeaibika mbele ya kanisa zima.

Nikaingia kwenye mipangilio inayotokea kabla kompyuta haijawaka vizuri, nikavifungua vyote. Nikamwambia mama kwamba sasa tuangalie joto. Likifika nyuzi themanini, tusimamishe kazi.

Kwetu, jambo likihitaji zaidi ya mtu mmoja, huundiwa kamati. Ijumaa asubuhi sebule ilijaa: mwenyekiti, katibu, mweka hazina asiye na hazina, na mzee wa sauti ya besi aliyeteuliwa msomaji wa joto. Wakafungua kwa maombi.

"Sabini na nne!" mzee akasoma.

"Haleluya!"

"Hapana, wazee, kupanda ni kubaya."

"Kitu kinapanda na unalia? Vijana wa siku hizi!"

Likafika themanini, skrini ikaganda. Nikachungulia nyuma ya meza. Kwa kuwa wageni walikuwa wanakuja, mama alikuwa ameivisha kompyuta kitambaa cha kufuma, kile cha makochi, kikaziba matundu yote ya hewa.

"Ulitaka ikae uchi mbele ya watu?" akauliza.

Nilipokitoa, joto likashuka hadi sitini. Lakini skrini ikaganda tena. Nikawaeleza polepole: joto ni jambo moja, kutulia ni jingine. Kiini kinaweza kuwa baridi kabisa na bado kikakosea hesabu. Nikafunga kimoja, nikajaribu kingine. Cha tatu kilikuwa kizima. Cha nne kilikuwa kibovu.

"Basi nakifunga," nikasema.

"Wewe nani ufukuze mwenzetu bila kamati?" mweka hazina akanigeukia. "Maskini amefungiwa tangu kiwandani, ametoka juzi tu. Apewe nafasi."

Mzee wa besi akapendekeza kiombewe. Kikaombewa, mikono yote ikielekea kompyuta. Nikakifungua tena maombi yakiendelea. Skrini ikaganda kabla hatujafika kwenye amina.

Mama akasimama. "Ahadi niliitoa mimi, si kiini. Kifungwe."

Kura ikapigwa, ikapita. Mweka hazina alipinga, akaomba hilo liandikwe.

Jumamosi mchana, kwa viini vitatu, video ilikuwa tayari. Mama aliibeba mwenyewe kwenye flashi hadi kwa mchungaji, akitembea kama mtu aliyebeba mayai.

Nawe utaweza. Fungua kiini kimoja tu, kipe kazi nzito kwa saa nzima huku ukitazama joto, na kompyuta ikiganda, kifunge kabla hujamwambia mtu yeyote.