Zuhura Alimpa Baba Yake Muhogo

Siku ambayo haijanitoka mpaka leo, mwanangu, ni ile ambayo Zuhura alimpa baba yake muhogo, na baba yake akaula.

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi ndani ya ofisi ya ustawi wa jamii, mjini Morogoro. Mimi, binti yangu Zuhura ambaye alikuwa na miaka tisa, na baba yake, Rajabu, ambaye mtoto alimwona mara ya mwisho akiwa na miaka minne. Nilikuwa nimemshitaki atoe matunzo. Afisa, mzee mmoja wa miwani, Bwana Msafiri, akamuuliza ataweza kutoa nini kwa mwezi. Rajabu akasimama. Akaivuta mifuko ya suruali yake nje, yote miwili, ikaning'inia kama masikio ya mbuzi.

"Afisa, mimi sina kazi. Kiwanda kilitutoa. Nione hivihivi nilivyo."

Bwana Msafiri akacheka kidogo. Mimi nikatazama sakafu. Zuhura akakifungua kitambaa nilichomfungia chakula cha njiani, akatoa kipande cha muhogo kilichobaki, akateremka kwenye benchi akamwendea.

"Shikamoo baba. Kula. Mimi nimeshiba."

Alikuwa hajashiba. Tulitoka kwetu Matombo, mlimani, kabla jua halijachomoza, na muhogo ule ndio uliokuwa wa kutufikisha nyumbani. Rajabu akaupokea. Akaula mbele yetu mpaka ukaisha, akajifuta mikono kwenye suruali, mifuko bado iko nje. Hata marahaba hakuitikia.

Nimeanza na siku hiyo kwa sababu ndiyo inayoniuma, lakini haikuzuka tu. Ngoja nirudi nyuma. Mimi niliishia darasa la tano, ukiona nimerukaruka nivumilie.

Nilishuka Kihonda, pembeni ya mji wa Morogoro, nikiwa msichana, nikapata kazi ya kufungasha sabuni kwenye kiwanda kidogo ambacho sasa hivi hata ukuta wake haupo. Rajabu alikuwa upande wa mashine. Mluguru mwenzangu, ila yeye wa Mgeta, kule juu wanakolima kabichi na karoti za kupeleka Dar. Alinioa ndoa ya halali, shehe akasoma, watu wakala pilau. Na tulikaa vizuri. Hilo nalisema kwa sababu watu wakinisikia wanadhani alikuwa mlevi, au mpigaji. Hapana. Alikuwa mtu wa mizaha, na mboga alijua kuipika kuliko mimi.

Kisha kiwanda kikafungwa. Tulikuta geti lina kufuli na mlinzi ambaye hatumjui. Mimi nikarudi kwetu Matombo na mtoto mgongoni, yeye akabaki mjini kutafuta. Akatafuta, akakosa. Baada ya miezi akanitumia talaka kwa mkono wa mtu, na maneno kwamba hawezi kumweka mke ambaye yeye hana cha kumlisha. Niliwaambia watu sikuumia. Niliumia.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, maana hapo na mimi nimo.

Mwaka uliofuata, masika hayajaanza, Rajabu alipanda mlima kwa miguu kuja kwetu. Jembe begani, mfuko wa mbegu za kabichi mkononi. Hakuja kwangu kwanza, alijua adabu. Alikwenda kwa mjomba wangu, Mjomba Kibwana, kaka wa mama yangu, mkubwa wa ukoo wetu. Kama wewe si wa kwetu nikuambie: huku mtoto ni wa ukoo wa mama, na shamba ni la ukoo wa mama. Baba anatoa jina. Mjomba ndiye anayesema ndiyo au hapana. Mjomba alikuwa barazani anachambua iliki, na sisi wanawake tulikuwa tumekaa pembeni, majirani nao hawakukosa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja na jembe, kuna msiba?"

Watu wakacheka. Rajabu naye akacheka, kisha akakaa chini.

"Mjomba, hela sina, sitakudanganya. Lakini kwetu Mgeta tunajua kukata ngazi mlimani, matuta ya kushika udongo. Hili shamba analolima mama Zuhura limeinama kama paa la nyumba, mvua ikija inashuka na udongo wote. Nipeni msimu mmoja. Nitakata ngazi, nitapanda kabichi. Mtoto atakula humo, na za kuuza zitamnunulia sare. Nitalala kwa jirani. Sitaki kulala hapa."

Mjomba Kibwana aliendelea na iliki yake.

"Hizo ngazi zinakaa miaka mingapi?"

"Zikitunzwa, mjomba, hata thelathini."

"Ehee! Basi miaka thelathini wewe utakuwa umo ndani ya shamba letu. Leo ngazi, kesho unatia mchungwa, keshokutwa watoto wako wa mke mwingine wanakuja hapa wanasema shamba hili alilitengeneza baba yetu. Hapana. Mtoto ni wetu, tutamlea. Hatumdai mtu, na mtu asije akatudai."

Hii hofu usiione ya kijinga, mwanangu. Wazee wetu wameona mashamba ya ukoo yakiondoka kwa njia hiyohiyo, mtu anapanda mti mmoja, na mti unakuwa ushahidi. Mjomba alikuwa analinda ardhi. Lakini siku ile alimlinda mtoto na nani?

Rajabu akanigeukia. "Na wewe mama Zuhura, unasemaje?"

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Talaka ilikuwa bado inanichoma, na majirani walikuwa wananitazama mdomoni. Ningeweza kusema, mjomba, tuandikishane mbele ya mwenyekiti wa kijiji kwamba ngazi ni za mtoto na mkataji hana dai. Karatasi moja tu. Akili hiyo sikuwa nayo. Nilichosema ni hiki, na Zuhura hajawahi kukisikia kwangu:

"Mwanaume analeta hela. Jembe hata mimi ninalo. Ukipata kazi, njoo. Usipopata, usikanyage."

Shangazi mmoja akapiga kigelegele. Kigelegele, mwanangu, kama tumeshinda kesi! Rajabu akachukua jembe lake. Zuhura alimkimbilia mpaka kwenye migomba, nikamwita arudi. Mbegu alizisahau barazani, au aliziacha, sijui. Nikawamwagia kuku.

Masika ya pili baada ya hapo, shamba lilishuka. Nilitoka asubuhi nikakuta mihogo na maharage yamelala bondeni, na pale nilipokuwa nalima pamebaki mwamba mwekundu, umeoshwa, unang'aa. Nikaenda kwa Mjomba Kibwana, yule aliyesema tutamlea. Alikuwa amemnunulia mtoto sare mara moja, nguo ya mwaka mmoja. Aliponiona akasema iliki haikuuzika. Iliki iliuzika. Mwaka ule aliezeka nyumba yake bati upya, na mabati yaling'aa tukayaona ng'ambo ya mto.

Zuhura akaanza kwenda shule kwa zamu: siku anakwenda, siku anabaki kunisaidia vibarua kwa watu. Ndiyo nikajikaza, nikaenda ustawi, na Rajabu akaitwa, na mifuko ikatolewa nje, na muhogo ukaliwa.

Baada ya muhogo nilisema, "Afisa, huyu anajua kulima, tena analima vizuri. Andika basi alime."

Bwana Msafiri akavua miwani. "Mama, mimi naandika kipato. Jembe nitaliandika wapi?"

Akaandika kwamba mlalamikiwa hana ajira, na kwamba atatoa matunzo atakapopata ajira. Muhuri. Karatasi hiyo ninayo, mende wamekula pembe moja. Miaka mingi baadaye mama mmoja msaidizi wa sheria, tulikutana naye kwenye mkutano wa kijiji, aliisoma akatikisa kichwa. Akaniambia tungeweza kukubaliana kwa vitu: gunia la mahindi, siku za kulima, madaftari, na yakaandikwa, na asipotimiza akaulizwa. Nikamwuliza mbona hatukuambiwa. Akasema, "Dada, nani aliuliza?" Mimi niliuliza! Niliuliza mbele ya muhuri.

Na Rajabu akajifunza kitu siku ile. Akajua kwamba "sina kazi" ni mlango, ukishaingia unafunga kwa ndani. Aliwahi kuchoma matofali, watu wa kwetu walimwona. Alibeba matenga ya kabichi kutoka mashambani hadi kwenye malori, miaka. Nikimpigia simu anasema, "Hivyo ni vibarua, mama Zuhura. Karatasi inasema ajira." Amelala chini ya karatasi ile miaka kumi na mitatu.

Simwonei huruma. Nilimfukuza mara moja, ni kweli, na nitaulizwa. Lakini mtu aliyefukuzwa na mama wa mtoto anaweza kwenda kwa mwalimu wa mtoto. Anaweza kumpa dereva kabichi mbili, akasema mshushie Zuhura pale Matombo. Kabichi mbili. Mtoto angejua.

Sasa Zuhura ana miaka ishirini na miwili. Anashona nguo Kihonda, na amepata mchumba, kijana mtulivu. Ndoa ni Ijumaa ijayo. Shehe ameuliza walii, yule wa kumwozesha, ni nani. Nikasema mjomba yupo. Shehe akasema baba yuko hai, na awe amelea au hakulea, walii ni yeye, aitwe.

Nikampigia simu.

"Nimesikia," Rajabu akasema. "Nimefurahi sana. Ila nauli sina, mama Zuhura, si unajua kazi hakuna. Na wasinipite kwenye mahari."

Simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu, Zuhura anasikia. Nikasubiri alie, au acheke. Akasema taratibu, "Mama, mtumie nauli. Nitatoa mimi. Nataka aje."

Unaona, mwanangu? Muhogo uleule. Mtoto anamlisha baba mara ya pili, na hata sasa mwenyewe hajashiba.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Kisha nikaamua, na nauli sikutuma. Nimempelekea maneno kwa dereva wa lori la mboga, ambaye humpakia bure siku zote. Nimesema: Rajabu, utapanda gari hilo, utakuja na jembe. Utafika Jumatano. Pale mwamba ulipobaki, juu kidogo kuna udongo bado, utakata ngazi moja. Moja tu, uipe jina la Zuhura. Mjomba Kibwana atakalishwa kwenye kiti pale shambani, jicho moja halioni lakini lingine linaona, naye ataitamka ruhusa aliyoikataa, watu wasikie. Mwenyekiti ataandika. Na mimi nitasimama mbele ya binti yangu nirudie maneno niliyosema siku ya kigelegele, yote, bila kupunguza. Ndipo twende kwenye ndoa.

Wewe unayenisoma, labda una mtoto na huna kazi. Nakuomba usimpe mtoto mifuko yako mitupu. Nenda na ulichonacho: mikono, siku moja ya wiki, kuni, kumfundisha hesabu, kumpeleka zahanati. Ukifukuzwa, rudi na shahidi, ukifukuzwa tena, peleka kwa mwalimu. Na wewe mama, hasira yako ni halali, lakini usiitumie kukataa chakula ambacho si chako. Chakula kile ni cha mtoto. Kipokee, kiandikwe, na kisipokuja kidai. Ninyi wajomba mnaosema mtoto ni wetu, mjue mtoto hushinda na njaa siku nzima akiwa ni wenu hivyohivyo. Na wewe mwenye muhuri, ukiambiwa mtu hana ajira, usifunge faili. Muulize anajua kufanya nini.

Mungu akupe mikono isiyoona haya, mwanangu. Akupe mtoto atakayekupa shikamoo nawe ukaweza kuitikia ukimtazama usoni. Na kosa langu mimi liishie kwangu, lisikufike.

Wewe Rajabu, najua kuna mtu atakusomea haya. Mahari yako tutaizungumza, kiti chako cha walii hakuna atakayekunyang'anya. Lakini kabla hujakikalia, nataka jibu moja, na nalitaka mbele ya Zuhura. Siku ile pale ofisini ulijua mtoto hajala. Ulimtazama tumbo, nilikuona. Kwa nini uliula?