Mtu wa Nyasi Asiye na Kichwa

"Kata kichwa," ayeeyo aliniambia, akininyooshea kisu cha jikoni. "Kitu hii iko na macho. Siku ya mwisho utaambiwa uipe roho. Utatoa wapi roho, wewe?"

Ayeeyo, yaani nyanya kwa Kisomali, ni bibi ya rafiki yangu, jirani yetu mtaani Waberi tangu sijajua kutembea. Wazazi wangu ni watu wa bara, si Wasomali. Baba aliletwa Garissa kuchanja mifugo na hakuomba uhamisho tena. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, sina kazi, na nilikuwa nimekaa uani kwao tangu asubuhi nikishona mtu wa nyasi.

Kila mwaka, Julai inapoishia, ayeeyo huwasha moto wa Dabshid, mwaka mpya wa wafugaji, kama mama yake alivyouwasha kule Hadado. Kila mtu wa nyumba huuruka. Kumchoma mtu wa nyasi si mila yao. Hilo lilikuwa wazo langu. Nilikuwa nimeona kwenye simu watu wa nchi nyingine wakichoma sanamu ya mwaka uliokwisha, nikauliza: mbona sisi tusichome ukame? Rafiki yangu alicheka, akasema ukame unastahili. Ayeeyo alikubali, mpaka alipoona kichwa.

"Asipokuwa na kichwa hana roho?" nilimuuliza. "Mti hauna kichwa, mbona una uhai?"

"Chuo ilikufundisha mdomo tu," alisema. "Kata."

Nikakata. Kilichobaki kilikuwa kizibao cha zamani cha baba, chenye mifuko mingi, alichokuwa akivaa akienda kuchanja ng'ombe mpaka Buna. Nilikuwa nimekishindilia nyasi kavu za mbuzi na kushonea chini kipande cha gunia. Mikono ya shati kuukuu, niliyoishonea mabegani, ilisimama kwa waya ule laini wa kufungia nondo. Katika kila mfuko nilitia makaa, ili ukame wetu usiishe kwa moto wa dakika mbili. Kichwa kilipotoka, ncha za waya zilibaki zimechomoza shingoni. Nilizitazama nikaona kazi nzuri.

Moto ungewashwa kwenye shamba lao kando ya mto, kwa sababu mwaka uliotangulia majirani walilalamika kwamba Dabshid si dini. Ayeeyo alitangulia na watoto. Alituachia neno moja: "Funikeni. Watu wa mtaa wasione."

Kwa hiyo, tulipopanda tuktuk, rafiki yangu alimpakata mtu wa nyasi na kumfunika kwa jilbabu lake refu. Mimi nilishika jerikani ya mafuta ya taa.

"Huyo mgonjwa wenu anaenda wapi?" dereva alitania.

"Kuzikwa," rafiki yangu akamjibu, tukacheka sote watatu.

Adhana ya alasiri ilikuwa imeisha punde tu. Tulipokata kona ya kushukia mtoni tulikuta kizuizi ambacho jana hakikuwapo: mawe barabarani, gari la polisi, askari wanne.

"Chini wote! Mikono tuione!"

Dereva alishuka, akasukumwa kando ya mawe. Nami nikashuka. Rafiki yangu aliposimama, jilbabu lilikaa vibaya kifuani. Ncha ya waya ilikuwa imetoboa kitambaa, na mtu wa nyasi amenasa humo.

Hapo ndipo nilipokiona kile kitu kama askari atakavyokiona. Msichana aliyejifunika. Chini ya vazi lake, kizibao. Mifuko imejaa. Waya. Mimi ndiye niliyeshona kila uzi, na mwili wake ndio uliokuwa ndani ya tuktuk ukikizunguka.

"Wewe!" Askari kijana alikuwa ananiangalia mimi. "Njoo huku. Haraka!"

Sikuombwa kitambulisho. Uso wangu ulitosha. Nikaenda. Nilipita mbele ya bunduki nne nikiwa na lita tano za mafuta ya taa mkononi, na hakuna aliyeniuliza nimebeba nini. Nilipofika nyuma ya gari lao niligeuka. Rafiki yangu alikuwa ameshuka, amebaki peke yake kando ya tuktuk, mikono juu, viganja vimefunguka, vidole vimetanuliwa. Hakuna aliyemwambia avitanue.

"Afande," alisema polepole, kama anasoma mbele ya darasa. "Nina nguo imejazwa nyasi. Iko chini ya jilbabu. Nitafanya unavyosema."

"Usiguse! Usiguse kitu!"

Mdomo wa bunduki ya yule kijana ulikuwa unatikisika. Nimezoea kubishana na askari, kuwauliza kwa sheria gani, lakini kumwona askari akiogopa kuliniondolea sauti kabisa. Niliangalia kidole chake. Nilijua kuwa nikipiga kelele anaweza kushtuka. Nikinyamaza je?

"Ni yangu!" ilinitoka mwisho. "Nimeshona mimi! Ni makaa tu!"

Askari mzee aligeuka. "Makaa ya nini kwenye nguo?"

"Ya kuchoma."

"Kuchoma nini?"

"Abaayo," rafiki yangu akaniita kutoka kule, bila kushusha mikono. "Nyamaza, dada yangu. Nyamaza."

Yule mzee alimwamuru achuchumae, aache kitu kiteleze chini, kisha arudi nyuma hatua ishirini. Alizihesabu kwa sauti, naye akazipiga. Kizibao kikabaki kimelala barabarani, mikono imenyooka. Ndipo mbuzi mmoja akatoka kwenye ua wa jirani, akakikaribia, akanusa, akang'ata kwapa. Askari wote waliinama. Mimi nilijilaza chini kabisa. Mbuzi alivuta, mshono wangu ukaachia, nyasi zikamwagika, naye akaanza kutafuna.

Tulimsikiliza akitafuna. Yule mzee alisogea na kijiti, akafukua mifuko, akaokota kipande cha makaa na kukinusa.

"Nendeni nyumbani," alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anajipangusa jasho.

Badala yake tulishuka hadi shambani, na moto ulipowaka rafiki yangu alisimulia kila kitu huku akicheka. "Ayeeyo, ukame wako umeliwa na mbuzi!" Ayeeyo alipiga mapaja yake, watoto wakaigiza mbuzi. Mimi nilingoja afike pale nilipoitwa.

"Wakatutenganisha," alisema, akaendelea na hadithi.

Wakatutenganisha. Kana kwamba kuna mkono ulionishika ukanivuta. Nilikuwa nimekwenda kwa miguu yangu mwenyewe. Aliniangalia mara moja tu, kisha akakunja jilbabu mkononi, akauruka moto, akatua upande wa pili na kunyoosha mkono kwangu.

Mimi nilibaki upande wangu wa moto. Sikuweza kusogea.

"Moto ndogo hii," ayeeyo alisema nyuma yangu. "Unaogopa nini? Ruka."